Maswali ya Wasomaji: Sabuni ya Mafuta ya Zeituni Hutaka Mizani na Miezi

Barua kutoka Mtwara na Lindi kuhusu utengenezaji wa sabuni nyumbani zimekuwa nyingi kiasi kwamba safari hii ukurasa wote nimeuachia jambo hilo. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa majibu yanayofuata yanaliegemea jibu lake.

SWALI: Shikamoo, mshauri. Wifi yangu aliporudi kutoka Umra alituletea kipande cha sabuni ya zeituni, kahawia kwa nje na kijani kwa ndani, kisicho na manukato, na tangu nianze kukitumia ngozi yangu haikauki kama zamani. Ninataka kuitengeneza mwenyewe nyumbani. Jirani mmoja ananishauri nitumie magadi ya kupikia maharage badala ya kostiki soda, kwa kuwa kostiki inaunguza. Mwingine anashikilia kwamba sabuni ya asili haitiwi dawa yoyote. Nimsikilize nani, na nianzie wapi? (Mama wa nyumbani, Mikindani)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa maelezo yako, sabuni hiyo inafanana sana na ile ya Aleppo, mji wa Syria ambao Waarabu huuita Halab. Kule mafuta ya zeituni huchemshwa kwa siku kadhaa katika sufuria kubwa mno, yakaongezwa mafuta ya mti uitwao ghar, kisha mchanganyiko ukamwagwa sakafuni, ukakatwa vipande na kuachwa ukauke kwa miezi sita hadi tisa. Upande wa nje hugeuka kahawia kwa kupigwa na hewa, na ndani hubaki kijani. Wapalestina wa Nablus nao wana sabuni yao ya zeituni, nyeupe na isiyo na ghar, ambayo hupangwa minara mirefu yenye uwazi katikati ili upepo upite. Ufundi wa miji hiyo miwili uliingizwa na UNESCO mwaka 2024 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ninayataja haya kwa sababu yanamjibu jirani yako wa pili: hata mafundi hao, ambao kazi hii wameirithi kwa karne nyingi, hawajapata kutengeneza sabuni kwa mafuta matupu. Zamani walichanganya chokaa na majivu ya mimea iotayo kwenye ardhi ya chumvi, na siku hizi hutumia kostiki soda. Sabuni ni kile kinachopatikana mafuta yanapokutana na kitu kikali cha namna hiyo, na pasipo kukutana huko utabaki na mafuta yako kama yalivyotoka chupani.

Jirani wa kwanza ana hofu ya haki, lakini dawa anayokupa haifai. Magadi yana ukali mdogo mno, na mafuta mazima ya zeituni hayawezi kugeuzwa sabuni na magadi ya jikoni hata ukoroge mpaka jua lizame. Kinachohitajika ni kostiki yenyewe, ambayo wataalamu huiita haidroksidi ya sodiamu. Ni kweli inaunguza ngozi, tena vibaya. Lakini ukiipima sawasawa, yote humalizika ndani ya mafuta, na sabuni iliyokomaa haibaki na kostiki hata chembe. Kwa hiyo usalama wa sabuni hautokani na kuikwepa kostiki, bali unatokana na mizani. Anayekadiria kwa kikombe au kwa macho asishangae akipata sabuni inayochubua. Tafuta mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, na upime kila kitu kwa uzito, pamoja na maji.

Hesabu yake ni hii. Kila kilo moja ya mafuta ya zeituni hugeuzwa sabuni yote na kostiki ya gramu 134 hivi. Sisi hatutaki yote yageuke, kwa maana tunataka kubakiza mafuta kidogo ya kulainisha ngozi na pia kujihadhari na makosa madogo ya kupima. Kwa hiyo tunapunguza asilimia 5 ya kostiki, na tunabaki na gramu 127. Maji yawe mara mbili ya uzito wa kostiki, yaani gramu 254. Angalia jambo moja linalowapotosha wengi: chupa ya lita moja haina kilo moja ya mafuta. Mafuta ya zeituni ni mepesi kuliko maji, na lita yake ina uzito wa gramu 915 hivi, ambazo kostiki yake ni gramu 116 na maji gramu 232. Ukiichukulia lita kuwa kilo, utakuwa umetia kostiki ya ziada, na ile akiba ya asilimia 5 itakuwa imeliwa yote na zaidi. Maji yawe ya mvua au yaliyosafishwa ya dukani, kwa kuwa visima vingi vya pwani yetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe na maji yake yana chokaa inayogombana na sabuni.

Kabla ya vyombo vingine, itazame sufuria yako. Sufuria nyingi za majikoni mwetu ni za alumini, na kostiki huila alumini kwa kasi, ikifoka na kutoa gesi inayoweza kushika moto. Ndoo ya bati nayo haifai. Tumia sufuria ya stili isiyoshika kutu au ndoo nene ya plastiki yenye namba 2 au namba 5 ndani ya pembetatu chini yake. Mwiko uwe wa plastiki ngumu au wa stili, kwa sababu wa mti huliwa polepole na kuacha nyuzi ndani ya sabuni. Chombo kikishafanya kazi hii kisirudi kwenye mapishi. Vaa glovu za mpira, miwani ya kukinga macho, nguo ya mikono mirefu na viatu vya kufunika vidole, na uwatoe watoto na kuku uani.

Fanyia kazi nje, ukisimama upande unakotoka upepo. Mimina kostiki ndani ya maji, kidogo kidogo huku ukikoroga, na wala usimimine maji juu ya kostiki, kwa kuwa yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Mchanganyiko utapata moto sana bila jiko, na utatoa mvuke mkali ambao haufai kuvutwa. Uache upoe mpaka chombo kiwe na uvuguvugu ukikigusa kwa nje kwa glovu. Kwa joto la Mikindani mafuta yako hayatahitaji kupashwa. Ndipo umimine maji hayo ya kostiki ndani ya mafuta, taratibu, na uanze kukoroga.

Hapa ndipo zeituni inapomjaribu mtu. Mafuta mengine huanza kushikamana mapema, lakini zeituni tupu ikikorogwa kwa mkono inaweza kuchukua saa nzima au zaidi kabla ya kubadilika, na wengi hukata tamaa wakidhani wamekosea vipimo. Koroga, pumzika dakika chache, kisha rudi. Mwenye blenda ya mkono, ile ya kuzamisha ndani ya chombo, hufupisha kazi hiyo ikawa ya dakika chache, mradi kichwa chake kisiwe cha alumini. Umefika pazuri pale mchanganyiko unapokuwa kama uji mwepesi, na tone unalolidondosha juu yake linaacha alama kabla ya kuzama. Mimina kwenye kalibu ya mbao iliyotandikwa karatasi ya kuokea, au kwenye kopo la plastiki. Pakiti za maziwa zenye karatasi inayong'aa kwa ndani uziache, kwa kuwa nyingine ni alumini. Funika, uache siku mbili au tatu mpaka igande kiasi cha kukatika bila kunata kisuni. Siku hizo zote, na hata wakati wa kukata, endelea kuvaa glovu.

Baada ya kukata, panga vipande kwenye chanja, visigusane, kivulini, mahali penye upepo. Watu husema sabuni huachwa wiki nyingi ili kostiki iishe, lakini kwa kweli kostiki huwa imeisha ndani ya siku chache za mwanzo. Kinachosubiriwa ni maji yatoke na sabuni yenyewe ijipange na kukaza. Usipoisubiri haitakuunguza, ila itakwisha bafuni baada ya kuoga mara chache. Wiki sita ndicho kipimo cha chini kabisa kwa sabuni ya zeituni tupu. Mimi ningeiacha miezi sita, na hata mwaka mmoja si kupoteza muda. Usitarajie povu jingi hata hivyo: povu la zeituni ni dogo, zito na lenye utelezi, kwa sababu ndani ya mafuta hayo mna kwa uchache sana ile asidi inayolipa povu la nazi wingi wake.

Kostiki ikikurukia, osha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 20, huku ukivua nguo iliyolowa. Usipake ndimu wala siki juu ya ngozi iliyoungua. Ikiingia jichoni, osha vivyo hivyo na uende hospitali hata kama maumivu yametulia, na mtoto akiimeza asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja. Kopo la kostiki liandikwe jina na liwekwe juu, likiwa limefungwa. Chupa ya soda au ya maji ya kunywa isitumike kamwe kuhifadhia kostiki.

SWALI: Mimi ni mkulima wa ufuta na nina minazi michache. Mafuta ya zeituni madukani kwetu huuzwa kwenye vichupa vidogo vya kupaka, na bei yake inanikatisha tamaa. Je, vichupa hivyo vinafaa? Na ninaweza kutumia mafuta ya ufuta badala yake? (Mkulima, Lindi)

JIBU: Ndugu yangu, mzeituni hutaka miezi ya baridi kabla ya kutoa maua, na pwani yetu haina baridi hiyo, kwa hiyo kila tone unalolinunua limevuka bahari, na bei inaeleza hivyo. Kuhusu vichupa, soma maandishi yake kwa makini. Baadhi ya mafuta ya kupaka yenye picha ya zeituni huwa yamechanganywa na mafuta ya madini, yaani yatokanayo na petroli, ambayo hayageuki sabuni hata yakitiwa kostiki kiasi gani. Ukiyatumia, vipimo vyote vitakuwa vya uongo, na kostiki iliyokosa mafuta ya kuungana nayo itabaki ndani ya sabuni ikikungoja. Nunua mafuta ya kupikia yaliyoandikwa kuwa ni zeituni tupu. Yale ya daraja la chini, yanayotolewa kwenye makapi ya zeituni baada ya kukamuliwa, ni ya bei nafuu zaidi na hutoa sabuni nzuri. Tena hushikamana haraka kuliko yale ghali, ambayo kwa maoni yangu ni heri uyamiminie kachumbari.

Njia ya kupunguza gharama bila kuiacha zeituni ni kuchanganya. Chukua gramu 700 za zeituni na gramu 300 za nazi. Nazi hutaka kostiki nyingi zaidi, gramu 183 kwa kilo, kwa hiyo jumla ya mchanganyiko huo baada ya kupunguza asilimia 5 ni gramu 141, na maji gramu 282. Sabuni yake huwa ngumu mapema, ina povu, na inatumika baada ya wiki sita bila lawama. Mafuta ya nazi uliyopika mwenyewe kwa tui yafaa sana, ila yarudishe motoni kwanza mpaka yaache kutoa vipovu vya maji, kisha uyachuje kwa kitambaa, kwa maana maji na mashapo yaliyobaki huongeza uzito wa uongo kwenye mizani.

Ufuta unaweza kushika nafasi ya zeituni, lakini si kwa ukamilifu. Hesabu ya kostiki yake inakaribiana mno na ya zeituni, gramu 133 kwa kilo. Tofauti iko kwenye ulaini na uhai wa sabuni. Sabuni yenye ufuta mwingi huwa laini na huchacha mapema, ikatoa madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta ya zamani. Ningekushauri ufuta usizidi gramu 600 katika kilo, na gramu 400 ziwe nazi: kostiki gramu 145, maji gramu 290. Tengeneza ya kutumika ndani ya miezi michache, wala usiiite sabuni ya zeituni, kwa kuwa ni sabuni nzuri kwa jina lake. Wavuvi wataipenda zaidi ya wote, maana sabuni ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, mahali ambapo zeituni tupu hushindwa.

SWALI: Sabuni yangu ya zeituni ina wiki nne. Juu imefanya unga mweupe, asubuhi inatoa matone ya maji, na nikiibonyeza kidole kinazama kidogo. Nilitia mafuta ya karafuu, ikaganda ghafla ndoo ikiwa bado mkononi. Je, nimeiharibu? Niianike juani? (Mtwara mjini)

JIBU: Haijaharibika, dada, na juani usiianike: jua litaifanya ijipinde na mafuta yaliyobaki yachache. Unga mwembamba wa juu hutokea kostiki iliyo juu ya sabuni inapokutana na hewa kabla ya kumalizwa na mafuta. Ukikwangua au kuosha unatoka. Jambo la kuogopwa ni tofauti na hilo: chembe nyeupe ngumu zilizotawanyika ndani kwa ndani, sabuni inayomeguka kama chaki, au mashimo yenye majimaji yanayochoma. Ukiyaona hayo, usiioge na wala usimpe mtu.

Matone ya asubuhi yanatokana na unyevu wa Mtwara. Sabuni ya nyumbani hubaki na gliserini yake yote, ambayo huvuta maji kutoka hewani, na masika hapa hakuna pa kukimbilia. Ndiyo maana anayeweza kuchagua hutengeneza wakati wa kusi, kuanzia Juni, mvua zikiwa zimekatika. Kwa hiyo uliyo nayo, iweke chumba kikavu chenye dirisha linalopitisha upepo, igeuze kila wiki, na uiongezee miezi miwili. Ulaini wa wiki ya nne ni kawaida kwa zeituni.

Kuhusu karafuu, mafuta yake huharakisha kuganda kuliko karibu manukato yote, na yakizidi huwasha ngozi. Safari nyingine tia matone machache, mwishoni kabisa, kalibu ikiwa tayari pembeni, na ukoroge kwa mkono bila mashine. Anayependa rangi ajue pia kwamba manjano hugeuka mekundu yakikutana na kostiki, halafu hufifia.

SWALI: Bibi yangu alikuwa akisema zamani watu walitengeneza sabuni kwa majivu. Nataka kujaribu hivyo kwa mafuta ya zeituni ili iwe ya asili kabisa. (Kijana wa Newala)

JIBU: Bibi yako alisema kweli. Majivu ya makumbi ya nazi, maganda ya ndizi au kuni ngumu, yakilowekwa kwa maji ya mvua na kuchujwa taratibu, hutoa maji makali ya kutengenezea sabuni, na yakichanganywa na chokaa mbichi huwa makali zaidi, kwa maana chokaa ndiyo inayoyafikisha kwenye ukali wa kostiki. Lakini majivu ya nchi kavu huwa na potasiamu, na sabuni ya potasiamu haigandi ikakatwa vipande. Hubaki ya ute, ya kuchotwa kwa mkono. Wazee waliongeza chumvi ya kula ili ikaze kidogo. Mafundi wa nchi za zeituni walifanikiwa kupata sabuni ngumu kwa kuwa majivu yao yalikuwa ya mimea ya ardhi ya chumvi, yenye sodiamu nyingi.

Shaka yangu iko kwenye kipimo. Ukali wa maji ya majivu haujulikani kwa mizani. Watu walitia yai, na likielea kiasi cha kuchungulia juu, maji yakahesabiwa kuwa tayari. Kipimo hicho kinatosha kwa sabuni ya kufulia nguo, ila kwa uso wa mtoto hakitoshi. Jaribu kwa mafuta ya bei ndogo na uiache zeituni kabatini, ukijua kwamba maji hayo ya majivu yanaunguza kama kostiki na yanataka glovu zilezile. Tena mikoko usiiguse kwa kazi hii, kwa kuwa misitu yake ni hifadhi.

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama. Tukishaiweza, tunaruhusiwa kuiuza? (Nachingwea)

JIBU: Mnaruhusiwa mkifuata taratibu. Anzieni SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, ambalo lina ofisi mkoani Lindi na hufundisha utengenezaji wa sabuni. Kisha waulizeni namna ya kufika TBS, shirika la viwango, kwa ajili ya alama ya ubora, kwa kuwa wajasiriamali wadogo wana utaratibu wao. Msiandike wala kutamka kwamba sabuni yenu inatibu fangasi, chunusi au ugonjwa wowote, maana mtakuwa mmeingia kwenye mambo ya dawa. Kwenye karatasi ya kufungia wekeni majina ya mafuta yote mliyotumia, uzito wa kipande, na tarehe mliyokikata, na vipande vya kila tarehe vikae kwenye chanja yake ili kisije kikauzwa cha wiki mbili pamoja na cha miezi sita kwa bei moja.